Urani ya Stráž: maji yakimwagika hayazoleki

Unajua urani huweza kuchimbwa bila mtu kushuka shimoni? Huko Stráž pod Ralskem, kaskazini mwa Jamhuri ya Cheki ya leo, tangu miaka ya 1960 walitoboa visima, wakashindilia asidi ya salfuriki iyeyushe urani mwambani, kisha wakavuta mchanganyiko juu. Asidi yote? Zaidi ya tani milioni 4! Mwaka 1996 uchimbaji ukasimama, lakini asidi ilikuwa imeshaingia kwenye maji ya ardhini. Mpaka leo wanayavuta kwa pampu na kuyaondolea chumvi na metali. Uchimbaji ulichukua chini ya miaka 30. Usafishaji bado unaendelea. Kwa hiyo ukiambiwa urani ni rahisi, uliza: gharama ya maji imo?