Usalama wa nyumba za ibada: serikali ifanye nini, waamini wafanye nini?

Nyumba ya ibada inafungulia watu wote. Mgeni anaingia, anapewa kiti, hakuna anayemuuliza ametoka wapi wala kwenye mfuko wake mna nini. Ndiyo desturi ya kanisa, na ya musikiti pia. Lakini mwenye nia mbaya anapita kwenye mlango ule ule.

Katika kata ya Hewa Bora, komini ya Kampemba mjini Lubumbashi, kila habari mbaya inayotoka Beni ao Ituri inaleta ulizo moja: serikali iko wapi? Ulizo hilo ni la haki. Kuna lingine linalolifuata, nalo halisikiki sana: kabla ya hatari kufika, waamini na polisi wamepatana nini?

Hatari tatu, si moja

Watu wakisema "usalama wa kanisa", mara nyingi wanachanganya mambo matatu.

Ya kwanza ni mwizi. Lubumbashi, kilio cha wakaaji ni wezi wenye silaha wanaozunguka usiku. Kanisa liko na vyombo vya muziki, mabafle, jenereta na sadaka. Kisha kuna makesha, na waamini wanaorudi nyumbani kwa miguu usiku wa manane.

Ya pili ni bomu. Tarehe 27 Juni 2021, bomu lililipuka ndani ya kanisa Katolika la Emmanuel-Butsili, mjini Beni, asubuhi kabla ya misa ya kipaimara. Wanawake wawili waliumizwa. Ibada ingekuwa imekwisha kuanza, watoto na wazazi wao wangekuwa ndani. Tarehe 15 Januari 2023, huko Kasindi, karibu na mpaka wa Uganda, bomu lililipuka katika kanisa la CEPAC wakati wa ibada ya ubatizo. Watu zaidi ya kumi walikufa na makumi wengine waliumizwa.

Ya tatu ni kundi lenye silaha. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Julai 2025, waasi wa ADF walivamia Komanda, jimbo la Ituri, ambako waamini wa parokia ya Mwenye Heri Anuarite walikuwa katika kesha. MONUSCO ilihesabu raia 43 waliouawa, watoto 9 kati yao.

Kila hatari inaomba ushirikiano wa namna yake. Mlinzi wa usiku na taa inje vinaweza kumrudisha mwizi. Watu wa protokole wenye macho mlangoni wanaweza kuona mfuko ulioachwa chini ya benchi. Lakini hakuna protokole anayeweza kuzuia kikosi chenye bunduki. Hiyo ni kazi ya jeshi, na hakuna haki ya kuwatwika waamini mzigo huo. Vile vile, kanisa lisingoje jeshi lije kuangalia chini ya mabenchi yake.

Sheria inasema nini

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iko wazi. Kifungu cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa dini, na cha 52 kinasema Wakongomani wote wako na haki ya amani na usalama. Kifungu cha 182 kinaipa Polisi ya Taifa kazi ya kulinda watu na mali yao. Kwa hiyo pasta, padri ao imamu anayekwenda kuomba polisi isaidie kulinda ibada haombi zawadi. Anaomba kazi ambayo Katiba imekwisha kuagiza.

Kuna vifungu viwili vingine ambavyo viongozi wa dini wanapashwa kuvijua. Kifungu cha 26 kinadai kwamba anayepanga mkutano barabarani ao mahali pa wazi aiarifu serikali kwa maandishi. Basi kampeni ya injili ya uwanjani iko na njia yake tayari: barua ile ile inayopelekwa kwa wakubwa inaweza kusema watu wangapi wanangojewa, saa gani wataachana, na kuomba doria.

Kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda kundi la kijeshi ao wanamugambo wa kwake, wala kuweka vijana wenye silaha. Vijana wa kanisa wanaweza kusimama mlangoni na kuangalia. Kuwapa bunduki ni kosa kubwa, hata kama nia ni kulinda madhabahu.

Tena kuna sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya mashirika yasiyo ya faida, inayohusu pia madini. Kanisa lisilo na hati linaogopa kwenda polisi, juu linaweza kuulizwa hati hizo kwanza. Hofu hiyo inawaacha waamini peke yao siku ya hatari.

Ngazi za kupitia

Kwa kanisa la Hewa Bora, ngazi zinaanza karibu: shefu wa avenyu, shefu wa kata, kisha bugumestri wa Kampemba na polisi ya eneo. Juu yao kuna meya wa Lubumbashi na gavana wa Haut-Katanga. Tangu polisi ya karibu na raia ilipoanzishwa, fasi zingine za Kongo ziko pia na baraza la usalama linaloitwa kwa herufi CLSP. Ndani yake wakubwa wa eneo, polisi na shirika la raia wanakaa meza moja kutazama nini kinatisha watu. Viongozi wa madini wako na mengi ya kusema katika mikutano ya namna hiyo.

Majirani walijifunza nini

Garissa, Kenya, tarehe 1 Julai 2012, makanisa mawili yalishambuliwa siku moja na watu 17 waliuawa. Kwenye kanisa moja kulikuwa askari polisi mlangoni. Wawili waliuawa wa kwanza na bunduki zao zikachukuliwa. Askari wawili mlangoni hawakutosha. Kisha viongozi wa Waislamu wa Kenya walitangaza kwamba vijana wao watasaidia kulinda makanisa. Walijua washambuliaji wanataka jirani amuogope jirani yake.

Kampala, tarehe 3 Septemba 2023, polisi ya Uganda ilimkamata mwanaume aliyekuwa anakaribia kanisa la Miracle Centre, huko Rubaga, akiwa na bomu. Waamini hawakuumia, juu habari ilifika mbele ya bomu.

Ngambo ya bahari, serikali zingine zinatoa pesa. Tangu 2016 Uingereza inasaidia makanisa, misikiti na mahekalu kununua kamera, taa na uzio. Marekani ilianza msaada wa namna hiyo mwaka 2005. Anayeomba anapashwa kwanza kuonyesha hatari yake ni gani na ukuta wake uko wazi wapi. Hesabu hiyo ya hatari haiombi pesa nyingi. Hata kanisa la mabati linaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi.

Mambo ya kupatana mapema

Siku ya hatari si siku ya kutafuta namba ya simu. Kanisa, musikiti na polisi ya eneo wanaweza kupatana sasa juu ya haya:

– Nani anapiga simu, na kwa komanda gani. Watu wawili watoshe, wasiwe ishirini.
– Saa za ibada, za kesha na za sikukuu, ili doria ipite wakati watu wanatoka.
– Mlango wa pili, ulio wazi wakati wote wa ibada. Watu wengi wanaumia wakisukumana kwenye mlango mmoja.
– Wanaume na wanawake wa kuangalia mifuko, kwa heshima, bila kubagua sura wala luga ya mtu.
– Kitu kisichojulikana kikionekana, hakiguswi. Watu wanatolewa kwanza, kisha polisi inaitwa.

Fasi ushirikiano unaharibikia

Kuna hatari pia katika ushirikiano wenyewe. Askari akidai pesa kila siku ya Mungu ili apite, kanisa maskini litaachwa na kanisa tajiri litalindwa. Pasta akigeuka mtu wa kupeleka majina ya wapinzani kwa wakubwa, waamini hawatamwambia tena wanachoona. Na kama "kuangalia wageni" inakuwa kumshika kila mkimbizi aliyetoka Kivu ao Kasai, kanisa limemfukuza yule aliyekuja kutafuta kimbilio.

Mashariki, jeshi la Kongo na la Uganda wanapigana pamoja na ADF tangu Novemba 2021, na bado Komanda ilitokea. Wakaaji wako na haki ya kuuliza serikali juu ya hilo, kila siku na kwa sauti. Lakini ngazi ya avenyu haingoji jibu la Kinshasa. Shefu wa kata anajulikana nyumba yake, komanda wa polisi anajulikana ofisi yake, na kikao cha kwanza kinaweza kufanyika posho hii.