Bunduki Iliyotoka Mkononi

Usiku wa 9 Mei 1916 jeshi la von Lettow-Vorbeck liliushambulia mji wa Kondoa-Irangi, uliotwaliwa Aprili na Makaburu wa Van Deventer. Baadhi ya askari wa Kidachi walikuwa bado na bunduki za mtindo wa 1871, zenye moshi mwingi, nazo zikiua vilevile. Zingatia hilo. Bunduki yaishi kuliko mwenyewe. Iibwapo leo, yaweza kumwua asiyezaliwa bado.

Mapatano ya Brussels ya 1890, waliyoyafanya wakoloni kwa maslahi yao (tusisahau), yalitaka bunduki itiwe alama, na kibali apewe atoaye dhamana kuwa haitafika kwa mwingine. Sheria ya Tanzania ya 2015 nayo yamtaka mwenyewe aihifadhi salama.

Wanavyuoni wetu wasema mwekewa amana halipi kilichoibwa ila akifanya taksiri. Basi huyu aliyeegemeza bunduki nyuma ya mlango, risasi zimo ndani, ufunguo juu ya kabati, naye kaenda shamba siku tatu, tumwite nani? Mwizi ana dhambi yake, hilo halina ubishi. Lakini jirani aliyepigwa risasi atauliza kwanza bunduki ilikuwa ya nani.