Kibaba hakikuwa kilo

KILA Ramadhani inapokaribia ukingoni, swali moja hurudi: pishi moja ya mchele ni kilo ngapi? Wapo wanaojibu kilo mbili u nusu, wapo wanaoshikilia tatu. Kwa baba anayewatolea fitri watu wanane, tofauti hiyo ni kilo nne nzima. Kwa maskini anayezipokea, ni chakula cha siku kadhaa.

Chanzo cha utata huu ni kwamba tunauliza swali la mizani kuhusu neno ambalo halikuzaliwa kwenye mizani.

Waswahili wa pwani walikuwa na vipimo vya aina mbili. Vya uzito vilikuwa wakia, ratili na frasila, maneno yaliyoingia kutoka Kiarabu. Frasila, takriban ratili 35 au kilo 16, ilitumiwa kupimia pembe za ndovu na karafuu. Nafaka ya nyumbani ilikuwa na vipimo vya ujazo: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Hapo mtu hakuhitaji mizani; alihitaji chombo tu. Na kwa kuwa saa ya Kiarabu, kipimo cha fitri, ni mudi nne, pishi ya vibaba vinne ikawa tafsiri yake.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba hujazwa, hakilemewi. Tena wazee walitofautisha kibaba cha tele, kilichorundikwa hadi kikafanya kichuguu, na kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo. Chombo kimoja, vipimo viwili! Mnunuzi asiyetaja anachotaka alikuwa amejipunja mwenyewe.

Baadaye kamusi zikaikadiria pishi kuwa ratili 6, yaani kama kilo 2.7. Makadirio hayo humsaidia msomaji, lakini ni rahisi kuyachukua kama maana yenyewe. Ukweli ni kwamba pishi ya mchele, ya unga na ya tende hazina uzito mmoja, hata zikipimwa kwa chombo kilekile.

Usidhani mambo hayo yamepita. Gorogoro la sokoni lilianza kama mkebe wa kilo mbili za mafuta ya kupikia. Ukilijaza mahindi, si lazima upate kilo mbili. Na likibonyezwa kitako, ndiyo basi tena. Jina la kilo limebaki mdomoni, lakini kinachopimwa ni nafasi ndani ya mkebe.

Jikoni ni vivyo hivyo. Kikombe cha mililita 250 hubeba gramu 250 za maji, lakini sukari ni kama gramu 200. Unga wa ngano ukichotwa taratibu ni kama 125. Ukishindiliwa, hufika 150 au zaidi. Ndiyo maana mandazi ya jirani huumuka na yako yakawa mawe, ilhali nyote mmetumia "vikombe vitatu".

Kwa hivyo, anayetaka kugeuza ujazo kuwa uzito ataje mambo matatu: chombo gani, kitu gani, na kimejazwa vipi. Wahenga walishatuachia maneno ya hilo la tatu. Tukiyarejesha tele na mfuto katika mapishi na masoko yetu, tutapunguza ugomvi, na pengine tutamfikishia maskini haki yake kamili.