Mihrabu ya Mwaka 500 Hijria

Wageni wanaolala Kiwengwa hupelekwa Kizimkazi alfajiri, kuwawahi pomboo. Gari linakata njia hadi kusini kabisa mwa Unguja, boti zinatoka, picha zinapigwa, na jua likianza kuwa kali watu wameshageuza. Wachache huulizia msikiti wa Kizimkazi Dimbani. Siwalaumu sana. Kwa nje ni msikiti wa kijijini kama mwingine, kuta nyeupe na paa la mabati.

Vua viatu, omba ruhusa, ingia. Mihrabu imezungukwa na maandishi ya Kikufi, herufi zake ndefu zimechanua majani nchani. Upande mmoja yanaeleza kuwa Sheikh Abu Imran Musa aliamuru msikiti ujengwe, mwezi wa Mfunguo Pili mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yenye tarehe katika mwambao wetu. Kasri la Husuni Kubwa la Kilwa lilikuwa bado sana kujengwa.

Siri ya uchongaji ule ni tumbawe. Likitolewa baharini bichi huwa laini, linakubali patasi. Likishakauka ni jiwe. Kwa hiyo fundi alifanya kazi akishindana na jua, na herufi ikiharibika hairekebishiki, labda akalitafute tumbawe jingine. Ukutani kwenyewe yalitosha mawe ya nchi kavu na chokaa.

Jengo unaloliona sasa, hata hivyo, kwa sehemu kubwa ni la karne ya 18. Liko andiko jingine la ukarabati wa karne hiyo. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapo mwaka 1960, na uchimbaji ukaonyesha mabaki ya msikiti wa kale zaidi chini ya huu. Basi wapo wanaobishana kama msikiti ni wa zamani au mpya. Ubishi huo unanichosha. Watu wa Dimbani walifumua kuta, wakaezua na kuezeka, na mihrabu wakaitunza, miaka mingi kabla mtaalamu Samuel Flury hajachapisha uchambuzi wa maandishi yake mwaka 1922.

Wenyeji wana simulizi yao. Mfalme Kizi alimkata mkono fundi wake, Kazi, asije akamjengea mwingine jengo zuri kama lile. Maadui walipovamia, Kizi aliomba dua, nyuki wakawatimua. Waliporudi, pango la pwani likafunguka, akaingia, likajifunga. Mwanahistoria hana cha kushika hapo. Lakini jiwe limemtaja aliyeamuru tu. Anayemkumbuka fundi ni hadithi.

Nje kuna makaburi ya masharifu, mmoja wao akisimuliwa kuwa alikuwa na mkono mmoja na mguu mmoja. Anayetaka kuyatazama maandishi kwa nafasi aende baina ya sala, tena isiwe Ijumaa. Msikiti huu unasaliwa, na siku hiyo hujaa.