Neno 'marekebisho' lilivyomponza mkulima wa Sigowet

Miaka kadhaa iliyopita, kampuni moja inayonunua majani mabichi ya chai katika maeneo yetu ya Kericho iliniomba niitafsirie taarifa kwa vyombo vya habari. Ilikuwa ya ukurasa mmoja tu. Niliimaliza jioni moja baada ya chajio, nikalipwa, nikaisahau.

Mwezi uliofuata nilikwenda Sigowet kumjulia hali shemeji yangu. Chai aliniandalia kama kawaida, lakini uso wake haukuwa wa kawaida. Akaleta karatasi iliyokuwa imebandikwa kwenye kituo cha kukusanyia majani. "Prof, si ni wewe uliandika hii? Umesema hapa bei itarekebishwa. Mbona sasa imeshuka?" Kwa kuitegemea karatasi ile, alikuwa amekopa pesa kwenye chama ili mwanawe arudi shuleni.

Niliisoma tena. Kweli nilikuwa nimeandika kwamba kampuni "itafanya marekebisho ya bei kulingana na hali ya soko." Mwandishi wa Kiingereza alikuwa ametumia neno la adabu kulifunika punguzo, nami nikalitafutia kisawe cha kamusi. Lakini kitenzi 'rekebisha' hakikai katikati. Tunarekebisha kilichoharibika: saa iliyosimama, paa linalovuja, insha ya mwanafunzi. Mkulima ambaye amelalamikia bei miaka nenda miaka rudi akiambiwa itarekebishwa, ataelewa nini? Kamusi isingenitetea, na sikuthubutu kuitaja mbele yake.

Aibu hiyo ndiyo iliyonituma kuichunguza historia ya uandishi huu. Wengi huianzia Marekani, tarehe 28 Oktoba 1906, treni ya umeme ilipotumbukia majini kutoka darajani huko Atlantic City na kuua watu 53. Desturi ya kampuni za reli wakati huo ilikuwa kuficha ajali. Ivy Lee, aliyekuwa mwanahabari kabla ya kuajiriwa na kampuni ya reli ya Pennsylvania, alishauri kinyume: andikeni yaliyotokea, muwape wanahabari, kisha muwasafirishe wakajionee. Gazeti la New York Times lilichapisha taarifa ile neno kwa neno.

Nisimpambe mno, lakini. Mwaka 1914, baada ya wafanyakazi wa migodi waliogoma pamoja na jamaa zao kuuawa huko Ludlow, Colorado, Lee huyohuyo aliiandikia familia ya Rockefeller taarifa zilizopotosha malipo ya viongozi wa chama cha wafanyakazi. Mkono ulikuwa uleule, na ustadi uleule.

Huku kwetu, kampuni za Uingereza zilianza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920. Mambo ya bei yaliwahusu wenye kampuni na wanunuzi wao ng'ambo. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipanua nafasi ya Mwafrika kulima mazao ya biashara, na mwaka 1964 KTDA ikaundwa kuwasimamia wakulima wadogo wa chai. Hapo msomaji wa habari za chai alibadilika. Akawa mtu mwenye shamba lake, mwenye deni la mbolea, anayevuna majani yanayoishia katika mnada wa Mombasa, yanakouzwa kwa dola ilhali yeye hulipwa kwa shilingi. Lugha ya taarifa, hata hivyo, haikumfuata. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini taarifa nyingi za biashara ninazoletewa bado hutungwa kwa Kiingereza, kisha mtu kama mimi huitwa jioni kuzivisha kanzu.

Ile yangu ilianza kwa kampuni kujisifia umri wake. Ikafuata nukuu ya meneja, yenye Kiswahili ambacho sijawahi kumsikia binadamu akikizungumza. Bei ilikuja katika aya ya tano. Mwanahabari yeyote angewaambia kwamba mhariri mwenye nafasi finyu hukata habari kuanzia chini. Kwa hiyo jambo lenyewe ndilo lingekatwa kwanza, zibaki sifa. Na juu kabisa palikuwa na maneno "kwa usambazaji wa mara moja", ambayo yanamwelekeza mhariri. Kwa mkulima aliyesimama mbele ya ukuta ule hayakuwa na maana yoyote.

Nilimuuliza shemeji yeye angeiandikaje. Hakufikiri hata kidogo. "Kutoka Jumatatu, kilo moja inashuka na shilingi mbili. Mnada umeanguka. Mwenye swali apigie fulani simu." Nani, nini, lini, kiasi gani, kwa nini, na wa kuulizwa ni nani: vyote vimo, kasoro jina la kampuni tu. Ningesahihisha 'na' iwe 'kwa', basi. Wanafunzi wangu wa shahada ya kwanza huhitaji muhula mzima kufika hapo.

Kisha akaniuliza kama ningeweza kumsaidia kulipa awamu ya kwanza ya ule mkopo. Nililipa mbili.