Sahihi sita za 1990, na kiti alichokalia mwana wa Njombe

Julai 2026 inatimia miaka 20 tangu alipofariki Profesa Seithy Chachage. Alizaliwa Njombe mwaka 1955, na mpaka anafariki Njombe ilikuwa bado sehemu ya Mkoa wa Iringa. Iligeuka mkoa unaojitegemea mwaka 2012. Wasomaji wa riwaya wanamkumbuka kwa Sudi ya Yohana, Kivuli, Almasi za Bandia na Makuadi wa Soko Huria. Wasiokumbuka ni wengi zaidi linapotajwa jambo jingine: mwana huyu wa Nyanda za Juu aliwahi kuwa mwenyekiti wa UDASA, Jumuiya ya Wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mtu anaweza kudhani kiti hicho ni cha kudai nyumba na marupurupu ya wahadhiri tu. Hayo yamo. Lakini kuna andiko moja lililokipa kiti hicho uzito mwingine, nalo ni Azimio la Dar es Salaam kuhusu Uhuru wa Taaluma na Wajibu wa Wanataaluma kwa Jamii, lililopitishwa Aprili 19, 1990. Kila anayeongoza wanataaluma wa nchi hii anarithi deni la Azimio hilo, atake asitake.

Mlimani, kilipo chuo hicho, palikuwa pameonja misukosuko kabla ya hapo. Mwaka 1966 wanafunzi zaidi ya 300 walifukuzwa kwa kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwaka 1971 likaja sakata la kufukuzwa kwa Akivaga, kiongozi wa wanafunzi kutoka Kenya. Mwaka 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri, nao wakatimuliwa. Mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba, na kuanzia 1988 mwananchi akaweza kuzidai mahakamani. Mwaka uliofuata Issa Shivji, mwalimu wa sheria pale pale Mlimani, alitoa kitabu chake kuhusu dhana ya haki za binadamu Afrika. Mjadala ulikuwa umeiva.

Kisha ukaja mwaka 1990.

Mwezi Februari mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kunyanyaswa na kundi la siri lililojulikana kama Mzee Punch, lililokuwa likiwachafua watu kwa maandishi na michoro ya ukutani. Msiba ule uliwaumbua wote. Chuo kilichokuwa kikiinyooshea serikali kidole kwa kukandamiza kilikuta ukandamizaji umelala kwenye mabweni yake, umevumiliwa miaka mingi na kuitwa utani. Wanawake wasomi hawakukubali yaishe hivyo hivyo.

Miezi miwili baadaye wajumbe wa jumuiya sita za wanataaluma walikutana Dar es Salaam: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sokoine, Chuo cha Ardhi, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Chuo cha Ushirika Moshi na Chuo cha Uongozi wa Maendeleo Mzumbe. Walichokubaliana kina sehemu mbili zisizotenganishika. Kwanza, mwanataaluma ana haki ya kufundisha, kutafiti na kuchapisha bila kutishwa, na vyuo vijiendeshe kwa kuwashirikisha walio ndani yake. Pili, haki hiyo haitoki bure: mwanataaluma anawajibika kwa wananchi wanaomsomesha, na ukandamizaji ukitokea, chuo hakina ruhusa ya kukaa kimya. Wapo wanaoisoma sehemu ya kwanza na kuiruka ya pili. Hao hawajalisoma Azimio.

Wino ulikuwa haujakauka. Wanafunzi waligoma kuingia darasani, wakitaka kuonana ana kwa ana na Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye kwa cheo chake ndiye aliyekuwa Mkuu wa Chuo. Vuta nikuvute iliishia Mei 12, siku 23 tu baada ya Azimio, pale serikali ilipokifunga chuo. Tume chini ya Jaji Mroso ikaundwa kuchunguza. Milango haikufunguliwa tena mpaka mwanzoni mwa 1991. Kijana wa Tukuyu au Makete aliyekuwa amesafiri siku nzima, akashuka mlima wa Kitonga na begi lake ili akasome, alirudi kwao bila kujua ataitwa lini.

Kwa wahadhiri lile lilikuwa jaribio la kwanza. Walikuwa wametoka kuandika kwamba haki hulindwa kwa mazungumzo na kwa utaratibu wa haki, na sasa mabishano yalikuwa yamejibiwa kwa kufuli. Lakini Azimio halikufa. Novemba mwaka huo huo wasomi wa bara zima walikutana Kampala chini ya CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika, wakatoa tamko lao linalofanana nalo kwa roho.

Chachage alitoka katika kizazi hicho. Alikuwa amechukua shahada ya uzamivu Glasgow mwaka 1986, na baadaye alifundisha pia Cape Town. Alipokalia kiti cha UDASA, adui alikuwa amebadili sura: soko lilikuwa limeingia chuoni, elimu ikianza kupimwa kwa bei. Aliandika kwa ukali kwamba mageuzi ya namna hiyo yanaua taaluma yenyewe. Kitabu alichohariri kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma Tanzania kilichapishwa na CODESRIA mwaka 2008. Yeye alikuwa kaburini miaka miwili.

Baada ya hapo habari ni fupi. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu mwaka 2018 yalifanya kupinga takwimu rasmi kuwa kosa, hata kwa mtafiti. Mwaka 2019 yakalegezwa. Sauti za wasomi zilisikika, ila si kwa kishindo cha 1990.

Nalileta hili Iringa na Mbeya kwa sababu. Azimio lilipopitishwa, mikoa hii haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Leo Iringa ina Chuo Kikuu cha Iringa, RUCU na Mkwawa. Mbeya ina MUST, TEKU na vingine. Majengo ya Mkwawa yenyewe yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kama shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Mahali palipojengwa kwa ubaguzi pangefaa kuwa pa kwanza kufundisha haki.

Azimio si refu. Kipindi kimoja cha darasa kinatosha kulisoma lote. Lifasiriwe kwa Kiswahili kizuri, lisomwe wiki ya kwanza ya kila mwanafunzi mpya, na kila anayegombea uongozi wa jumuiya ya wanataaluma aulizwe hadharani kama yuko tayari kubeba sehemu zake zote mbili.

Mzumbe, kimoja cha vyuo vile sita, sasa kina kampasi Mbeya. Kwa hiyo sahihi moja ya 1990 imekwisha panda Nyanda za Juu. Jumuiya za Iringa na Mbeya zilizochelewa kuzaliwa na ziweke zake chini yake, kwa heshima ya mwana wa Njombe.