Mavazi ya Mwindaji

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mavazi ya mwindaji. Watu wengi hudhani ya kuwa upinde au bunduki ndiyo imlishayo mwindaji, na nguo ni jambo dogo. Walakini tukiichungua historia tutaona kwamba nguo imewaokoa watu wengi, na nguo imewaua wengi. Tena tutaona kwamba nguo peke yake haimfichi mtu asiyejua kutulia.

Hapo kale mwalimu wa mwindaji alikuwa mnyama mwenyewe. Chui ana madoadoa mfano wa mwanga wa jua upenyao katika majani, na simba ana rangi ya nyasi kavu. Basi mtu naye akaazima ngozi. George Catlin, mchoraji aliyesafiri katika mbuga za Marekani katika miaka ya 1830, alichora picha ya wenyeji wa nchi ile wakitambaa kuliendea kundi la nyati, nao wamejifunika ngozi za mbwa-mwitu. Nyati mzima aliye kati ya wenzake hamwogopi mbwa-mwitu mmoja au wawili. Kwa hiyo waliachwa wakaribie. Angalieni siri ya jambo hili. Ngozi ile haikuwafanya wasionekane, maana nyati waliwaona. Iliwafanya waonekane kuwa kitu kisicho na hatari.

Majeshi ya Ulaya yalikawia sana kujifunza haya. Kwa muda wa miaka zaidi ya 200 askari wa Uingereza walivaa koti nyekundu. Katika siku za moshi mzito wa baruti koti hizo zilikuwa na faida, maana mtu aliweza kumtambua mwenzake. Lakini bunduki zilipoanza kupiga mbali na kwa shabaha, koti nyekundu ikawa alama ya kulengwa. Mwaka 1846, huko Peshawar, mpakani mwa Bara Hindi ya wakati ule, ofisa mmoja aitwaye Harry Lumsden aliunda kikosi kipya, na baada ya muda mfupi askari wake wakavaa nguo zilizotiwa rangi ya udongo. Ndiyo asili ya nguo za kaki. Neno hilo limetoka katika lugha ya Kiajemi, na maana yake ni rangi ya vumbi.

Sasa sikilizeni habari za mlima Majuba, katika Afrika ya Kusini. Usiku wa tarehe 26 Februari 1881, Jenerali Colley wa Uingereza alipanda mlima ule pamoja na askari kama 400. Kulipokucha, Makaburu wakaanza kupanda kuwafuata. Watu hawa walikuwa wakulima na wawindaji, wamevaa nguo zile zile za shambani zenye rangi ya ardhi. Walitambaa toka jiwe hata jiwe, toka kichaka hata kichaka, na kila aliyejitokeza ukingoni juu, mbingu zikiwa nyuma yake, alipigwa risasi. Waingereza zaidi ya 90 walikufa, na jenerali wao alikuwa mmojawapo. Makaburu waliokufa walikuwa wachache mno. Na jambo la kufikiriwa ni hili: baadhi ya askari wale walivaa koti nyekundu, lakini wengine, wa kikosi cha Gordon Highlanders, walikuwa wamekwisha kuvaa kaki. Kaki haikuwaokoa. Mtu asimamaye juu ya ukingo wa mlima huonekana, hata akivaa rangi gani.

Waingereza walilitia somo lile moyoni. Katika vita ya pili na Makaburu, ya mwaka 1899 hata 1902, majeshi yao yalivaa kaki. Mwaka 1900 Lord Lovat aliandikisha kikosi cha wanaume wa milima ya Scotland, watu waliozoea kuwanyemelea kulungu. Kutoka kwao jeshi lilijifunza kutumia vazi la matambara na majani, ambalo mvaaji wake akilala kimya hudhaniwa kuwa kichaka.

Na je, wepesi wa nguo? Wahenga walisema, “Msasi haogopi mwiba.” Mwingereza Frederick Selous, aliyefika Afrika ya Kusini mwaka 1871, aliwinda tembo kwa miguu katika nchi za mbung’o, ambamo farasi hufa. Alivaa shati, kofia na viatu, miguu mitupu. Miiba ilimchana, lakini aliweza kutembea mchana kutwa bila kulemewa. Aliuawa vitani tarehe 4 Januari 1917 huko Beho Beho, karibu na mto Rufiji, katika nchi iitwayo sasa Tanzania, na kaburi lake liko huko.

Katika miaka ile ile Wazungu wengi wa Afrika ya Mashariki waliogopa kwamba jua litawapiga uti wa mgongo, wakavaa kitambaa kinene mgongoni pamoja na kofia nzito. Hofu ya uti wa mgongo haikuwa na msingi, na desturi ile ikaachwa. Kitambaa kile kiliwatoa jasho tu. Na mtu atokaye jasho hujikuna, hugeuka-geuka, na harufu yake huchukuliwa na upepo. Nguo njema ni ile ambayo mvaaji huisahau. Isichakarike majanini, isibane, isilemee.

Elimu ya siku hizi imeongeza mambo mawili. Kwanza, mbung’o huvutwa na rangi ya samawati na nyeusi; ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na mpita porini heri asizivae. Pili, swala na kulungu hawapambanui vema rangi nyekundu na rangi ya chungwa. Kwa hiyo katika majimbo mengi ya Marekani sheria yamwamuru mwindaji kuvaa rangi kali ya chungwa, ili mwenzake asimdhanie kuwa mnyama akampiga risasi.

Kwetu pia sheria ina neno lake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo mwaka 1977. Tanzania uwindaji hutaka kibali. Na raia asivae mavazi ya mabaka kama ya jeshi, maana ni kosa.

Basi, nanyi wanafunzi, mnaotaka kuwatazama ndege na wanyama kwa macho tu, shikeni haya: vaeni nguo laini yenye rangi ya ardhi, upepo uwapige usoni, msisimame kileleni, na tena mtulie. Kwaherini.